Kadi Zilizosema Jumapili

Wadogo zangu, nawaita hivyo kwa sababu sijazoea jina jingine la kuwaita watu walionifuata. Tangu nina miaka kumi na minne nimekuwa dada wa mtu, na hata siku nilipostaafu pale jineri, watu waliniaga kama Dada Kabula, wakiwemo wenye mvi kunizidi. Nyinyi mnaosomea kompyuta hapa Bariadi mmeniomba niwaandikie nilivyojifunza kazi hii bila kumaliza hata darasa la saba. Nitaandika kama ninavyokumbuka, na kumbukumbu zangu hazikai kwenye foleni.

Nianze na vumbi. Jineri ni kiwanda cha kuchambua pamba, kutenganisha nyuzi na mbegu, na nyuzi zile nyepesi zinaruka mpaka ndani ya chai. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa inakohoa kama mzee. Kila jioni niliifunika kwa khanga mbili zilizolowa maji kidogo kwenye pindo, ili vumbi lishikwe pale, na kila Jumamosi nilifungua mgongo wake na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli. Utepe wa printa ukikauka, tulidondoshea wino wa mhuri, tukauzungusha kwa kalamu mpaka uloe wote. Fundi mmoja kutoka Mwanza aliona akacheka mpaka akakaa chini. Lakini ile mashine ilidumu misimu mingi, na yake ya ofisini Mwanza, yenye kiyoyozi, ilikufa kabla yake.

Aliyenifundisha ni Mzee Festo, mtu wa Bukoba. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, na ushirika ulipodhoofika akaajiriwa na kampuni mpya iliyochukua jineri. Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeingia kwenye pamba. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja. Sasa kila msimu yalitokea magari yenye majina mapya mlangoni, na wakulima walichagua wampelekee nani. Simiyu haikuwa mkoa bado, tulikuwa Shinyanga.

Mimi nilikuwa mfagizi. Nilifagia ofisi ya Mzee Festo taratibu kuliko ofisi zote, na yeye aliliona hilo.

"Kabula," aliniambia siku moja bila kugeuza kichwa, "hapo umefagia mara tatu. Njoo ukae."

Nikamwambia sijui Kiingereza.

"Kiingereza cha mashine hii ni maneno machache kuliko majina ya ng'ombe wa babu yako. Yale ulijifunzaje?"

Ni kweli. Babu alikuwa na ng'ombe wengi pale Lalago, na kila mmoja nilimjua kwa jina lake kabla sijajua kuandika langu. Kwa hiyo nilijifunza lugha ya BASIC kama majina ya ng'ombe: huyu anachapisha, huyu anauliza, huyu anaruka mstari. Mchana kila mtu akienda kula, mimi nilikaa na Mzee Festo na muhogo wa kuchemsha, nikabonyeza herufi moja moja.

Kabla sijaendelea lazima mjue jambo moja, maana bila hilo mtadhani nilikuwa nacheza. Wazazi wetu walifariki mwaka mmoja, mama akitangulia. Nilibaki na wadogo watatu. Ukoo ulikaa, na uamuzi ukawa watoto wagawanywe: mmoja kwa shangazi, mmoja kwa mjomba, na Ngasa, aliyenifuata, aende kwa baba mdogo kule Kimali akachunge. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe na hakuwa na mtoto wa kiume, na alinionea huruma. Lakini nilisimama mbele ya wazee nikasema hatugawanywi. Wakanicheka kidogo. Baba mdogo akasema, "Sawa, mwanangu. Maadamu una kazi, kaa nao. Siku kazi ikikuponyoka, nakuja na mkokoteni." Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiahidi msaada, na ndiyo maana niliogopa zaidi. Ngasa alikuwa sekondari, na mkokoteni ule ungesimama mlangoni, kidato kingeishia hapo.

Basi Mzee Festo akaugua mguu, akaamua kurudi kwao. Aliniachia daftari kubwa la karatasi za printa zilizoungana, programu zake zote zimechapwa humo mstari kwa mstari. Alisema tu, "Soma zote." Mimi nikajibu ndiyo, kama mnavyojibu nyinyi mkiambiwa hivyo.

Hazikupita wiki nyingi, kampuni ikaleta kompyuta mpya yenye programu mpya ya orodha ya wakulima, iliyoandikwa kwa lugha inayoitwa Clipper. Ilikuwa na mbio, lakini tarehe zake zilikuwa namba tupu, na mwezi ulitangulia siku, kama waandikavyo Wamarekani. Tarehe tatu ya mwezi wa saba ilitoka kama tarehe saba ya mwezi wa tatu. Meneja wetu, kijana wa Kinyakyusa aitwaye Mwaisaka, aliishika kadi ya kwanza iliyochapwa, akaigeuza juu chini.

"Hii nimpe mkulima wa Shishiyu aifanyie nini? Mashine ya Mzee Festo ilikuwa inaandika siku kwa Kiswahili kizuri."

"Ile ni programu ndogo aliiandika mwenyewe," nikasema. "Inaweza kuhamishwa."

"Nani anaihamisha?"

 Akanitazama, na ufagio bado nilikuwa nao mkononi, maana tangu Mzee Festo aondoke, kufagia na kompyuta vyote vilikuwa kazi yangu.

"Haya, Dada Kabula. Kadi zikienda vizuri msimu huu, kompyuta ni yako na tunatafuta mfagizi mwingine. Zikiharibika, namleta mtaalamu wa Mwanza, naye atataka kuja na karani wake. Sitakuwa na la kukusaidia."

Kadi zile zilikuwa na kazi hii. Uwanja wa jineri haukutosha mikokoteni ya vijiji vyote kwa siku moja, kwa hiyo kila kijiji kilipewa siku yake ya kuleta pamba. Kadi ilibeba jina la mkulima, kijiji, na chini yake siku kwa maneno: Jumatatu, tarehe 3 Julai. Mtendaji wa kijiji aliwasomea watu, basi. Na mjue kwamba huku kwetu wakati ule hakuna aliyefuata tarehe. Watu walifuata siku. Mnada wa ng'ombe una siku yake, gulio lina siku yake, ibada ina siku yake. Ukimwambia mtu tarehe kumi na moja, atakuuliza hiyo ni kabla ya mnada au baada ya mnada.

Kuhamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine ni kama kuhamisha nyumba ya miti: ukibeba miti yote utakuta huku mingine haihitajiki, na huku kuna shimo ambalo kule halikuwepo. Mzee Festo, kwa BASIC, alilazimika kuitafuta siku kwa hesabu ndefu. Unachukua siku, mwezi na mwaka, unazidisha, unajumlisha, unagawanya kwa saba, na kinachobaki kinakuambia siku ya wiki. Clipper haikutaka hayo. Unaipa tarehe, yenyewe inakurudishia namba, moja mpaka saba. Nilifurahi, nikaitupa hesabu yote. Kilichobaki kilikuwa orodha mbili, ya miezi na ya siku.

Orodha ya siku ya Mzee Festo ilianza na Jumamosi. Sikuona ajabu. Nani kati yetu angeona? Jumamosi ndiyo mosi, Jumapili ndiyo ya pili, Jumatatu ndiyo ya tatu. Mtoto anajua hilo kabla ya kwenda shule. Nikainakili ilivyo.

Kwenye karatasi zake kulikuwa pia na mistari iliyoanza na herufi tatu, REM. Hiyo katika BASIC ni maelezo ya mwandishi tu. Mashine ikiiona inaipita. Nami nilijiambia, kama mashine inaipita, mimi niipitie nini? Nilikuwa na haraka. Nikairuka yote.

Nikajaribu. Nilichapa tarehe saba zinazofuatana, na siku zikatoka saba, kila moja mara moja, Jumapili ikifuata Jumamosi, Jumatatu ikifuata Jumapili. Nikajaribu miezi yote kumi na miwili. Nikajaribu mwezi wa pili kwenye mwaka mrefu, wenye tarehe ishirini na tisa. Nikajaribu tarehe isiyokuwepo, mashine ikakataa, nikaipongeza. Nyuma ya kiti changu, ukutani, ilining'inia kalenda ya duka la pembejeo yenye picha ya trekta. Sikugeuka kuitazama hata mara moja. Nilipima kama siku zangu zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Sikupima kama zinapatana na dunia.

Kadi zikachapwa Jumatano, nikazifunga vijiji vijiji, dereva akazisambaza. Meneja alikuwa Mwanza akitafuta mikanda ya mashine.

Jumapili nikiwa kanisani, mlinzi wetu Maduhu alisimama mlangoni ameshika baiskeli, akinikonyeza kama mtu mwenye msiba. Nikatoka.

"Dada, getini kuna watu."

"Wangapi?"

"Nilihesabu mikokoteni mpaka kwenye kona ya josho, nikaacha."

Nilipanda nyuma ya baiskeli yake na nguo za kwaya. Walikuwa watu wa Shishiyu, wote waliopangiwa Jumatatu. Waliondoka Jumamosi, wakalala njiani, ng'ombe wamelala kwenye nira zao barabarani. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja juu ya magunia, koti la suti na miguu pekupeku. Huyo ndiye Mzee Lugwisha, niliyekuja kumfahamu kwa miaka mingi baadaye.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Tumefika. Mtufungulie."

"Baba, leo ni Jumapili."

"Ndiyo. Ndiyo maana tumekuja." Akatoa kadi iliyokunjwa ndani ya nailoni. "Mtendaji alitusomea. Nikamuuliza mara mbili, Jumapili? Akasema Jumapili. Nikasema, hawa watu wa soko huria hawana hata siku ya Mungu."

"Mimi nilisema wamekuwa Wasabato," akadakia mama mmoja kwenye mkokoteni wa pili.

"Wasabato wangetuita na mboga za majani," akasema mwingine. Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Nilikuwa nimeisoma kadi. Jumapili, tarehe 3 Julai. Na siku ile ilikuwa tarehe mbili. Nililiona kosa lilipolala kabla sijairudisha kadi mkononi mwake: kwa mashine mpya, namba moja si Jumamosi. Ni Jumapili. Kila siku niliyoandika ilikuwa imerudi nyuma hatua moja, kwenye kadi zote, vijiji vyote.

Mzee Lugwisha alikuwa ananitazama usoni.

"Wewe si yule binti wa Lalago aliyekataa wadogo zake wagawanywe?"

"Ndiye mimi, baba."

"Karatasi umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

Akashuka kwenye magunia polepole, akanisogelea. "Sikiliza, ng'wanone, mwanangu. Bosi wako akija, tutasema hatukuelewa. Sisi ni watu wa ng'ombe. Nani atashangaa?"

Meneja, aliyekuwa amerudi kutoka Mwanza usiku wa kuamkia siku ile, alifika na pikapu, amevaa kandambili. Alipita kando ya mikokoteni akisalimia, akaomba kadi, akasoma mwisho wa mstari kama wasomi wote wanavyosoma.

"Tarehe tatu. Wazee wangu, leo ni tarehe mbili. Mmeandikiwa kabisa, mnakujaje leo?"

"Macho, mkubwa," akasema Mzee Lugwisha. "Macho ya uzee."

Wote nyuma yake wakaitikia kwa vichwa, hata vijana wenye macho ya tai.

Wadogo zangu, sitawadanganya kwamba sikusita. Niliuona mkokoteni wa baba mdogo wazi kama mikokoteni iliyokuwa mbele yangu. Ilikuwa rahisi sana. Tarehe ilikuwa sahihi, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Lakini wale watu walikuwa wamelala barabarani kwa sababu waliamini nilichoandika. Nikiwaacha waitwe wajinga juu ya hilo, kadi inayofuata wangeiamini kwa nini?

"Meneja," nikasema, "soma mwanzo wa mstari."

Akasoma. Akasoma tena kwa sauti. "Jumapili."

"Hawakukosea. Nimekosea mimi. Nilipohamisha programu, niliianza wiki Jumamosi, na mashine mpya inaianza Jumapili."

"Kadi hizi tu?"

"Zote."

"Za Jumanne?"

"Zinasema Jumatatu."

"Za Jumatano?"

"Zinasema Jumanne."

Akafunga macho. Mimi, nikijisikia nikijibu, nikaona kitu. Majibu yangu yalikuwa yanatembea kwa mpangilio.

"Meneja, hakuna watakaogongana. Kila kijiji kitakuja siku moja kabla, kwa zamu ile ile. Tukifungua leo, kesho wanakuja wa kesho kutwa, na wiki yote inakaa sawa. Kosa langu limejipanga."

Akawatazama wale watu, akaitazama kadi, akanitazama mimi na nguo zangu za kwaya.

"Kwa hiyo Bariadi nzima tuliokosea siku ni sisi wa ndani ya geti."

"Ndiyo, meneja."

"Maduhu, fungua."

Karani wa mzani alitolewa kwenye misa ya pili. Wapakuaji hawakupatikana wote, kwa hiyo ibada yetu ilipoisha, kwaya nzima ilikuja na sare zake za bluu, ikabeba magunia mpaka bluu ikawa nyeupe. Mzee Lugwisha alikataa kabisa kusaidiwa gunia lake la mwisho. Waliofuata tarehe badala ya siku, wiki ile yote, walikuwa wawili: mwalimu mmoja na katekista. Tuliwapokea kwa heshima.

Jioni ya Jumapili hiyo meneja alinikuta nikifagia uwanja. Hakuna aliyenituma, mikono tu haikutaka kukaa.

"Nilikuwa nimeshapanga kumpigia simu mtaalamu wa Mwanza," akasema. "Nimewaza. Yeye akikosea, atakuwa Mwanza. Wewe ukikosea, utakuja mwenyewe getini. Weka huo ufagio. Kesho tafuta mfagizi."

Kesho yake nilikuwa na dakika chache za kurekebisha. Orodha ianze na Jumapili, Jumamosi iende mwisho, basi. Safari hii nikageuka kuitazama ile kalenda ya trekta. Kisha nikafungua daftari la Mzee Festo nione yeye alifanyaje, na juu ya orodha ya siku nikakuta mstari wa REM niliouruka:

REM KABULA, HAPA MOJA NI JUMAMOSI KAMA MDOMONI MWETU. MASHINE NYINGINE ZINA MOJA YAO. ZIULIZE KWANZA.

Jina langu lilikuwa pale. Programu yote aliiandikia mashine, mstari ule mmoja aliniandikia mimi, nami niliuruka kwa sababu mashine haikuuhitaji. Nilimwandikia barua Bukoba kumweleza yote na kuomba radhi. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema mguu unaendelea vizuri, na kwamba yeye mwenyewe alikosea siku mwaka wake wa kwanza, akaita mkutano wa makarani wote siku ya sikukuu. "Unadhani onyo nililitoa wapi?" aliandika.

Tangu hapo, kila programu niliyohamisha, na nilihamisha nyingi, lugha zikibadilika kama magari ya wanunuzi, nilianza kwa kusoma maneno ya waliotangulia kabla ya kugusa mstari mmoja wa kazi. Huo ndio ufundi wangu wote. Mengine yamo vitabuni mwenu.

Baba mdogo alikuja mwezi wa Desemba, na mkokoteni, kwa sababu alikuwa na mahindi ya kuuza. Alikuta wadogo zangu wote watatu wamekaa kwenye chakula, Ngasa akiwa likizo, anawafundisha wenzake hesabu. Alikula, akauliza kazi ikoje, nikamwonyesha kadi. Aliiweka kwenye mfuko wa shati ingawa haikuwa na jina lake. Akatuachia kuku wawili, akarudi Kimali.

Siku namkabidhi kompyuta binti aliyechukua nafasi yangu, nilimfungulia ile programu ndogo ya tarehe, ambayo ilikuwa imeshahamia lugha ya nne. Nikamwambia asome zote, naye akaniitikia ndiyo. Juu ya orodha ya siku nilikuwa nimemwandikia: "Hapa moja ni Jumapili. Niliwahi kudhani ni Jumamosi, na watu wa Shishiyu wakalala barabarani. Mzee Festo alikuwa ameonya. Geuka uangalie kalenda." Mwanzoni mwa mstari, kabla ya yote, niliweka jina la binti huyo.